Kazi ya Mito: Mto Sigi na Mafuriko

Katika somo hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wakuu wa vijiji vya Muheza, kazi ambayo mito huifanya katika nchi. Watu wengi hudhani ya kuwa milima na mabonde yamekaa vivi hivi tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Maji ni fundi mmojawapo aliyeyachonga, naye hajaacha kazi yake hata leo.

Tuutazame Mto Sigi. Huanzia katika vijito vya misitu ya Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, penye urefu wa mita zipatazo 900 juu ya bahari. Huko mvua hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Mto hushuka, hupokea maji ya Kihuhwi na vijito vingine, kisha huingia katika Bahari ya Hindi upande wa kaskazini wa mji wa Tanga. Katika safari hiyo hufanya kazi tatu.

Kwanza, huchimba. Maji matupu hayana meno. Meno yake ni mchanga na mawe, ambayo husugua chini na kando kama tupa isuguavyo chuma. Milimani maji huenda mbio, kwa hiyo mabonde ya huko ni membamba tena yenye kina.

Pili, huchukua. Wataalamu wamepiga hesabu ya kuwa mwendo wa maji ukizidi mara 2, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huzidi mara 64. Basi asistaajabu mtu akiona kijito alichokivuka jana, maji yasimfike magotini, leo kinavingirisha majabali.

Tatu, huweka. Mto ufikapo nchi tambarare, mwendo hupungua na mzigo hutuliwa: kwanza mawe, kisha changarawe, kisha mchanga, na mwisho tope laini. Huko mto hupindapinda. Ukingo wa nje wa pindo, ambako maji yana nguvu, humegeka. Ukingo wa ndani hujazwa mchanga. Ndiyo sababu mpaka wa shamba uliowekwa ukingoni mwa mto haudumu mahali pamoja.

Sasa tuseme habari za mafuriko. Mto hujichimbia njia iwezayo kupitisha maji ya siku nyingi za mwaka, bali haitoshi kwa siku chache za mvua kuu za masika au vuli. Siku hizo maji hutoka na kutandaa. Kwa hiyo uwanda ulio kando ya mto ni sehemu ya mto wenyewe, na udongo wake mzuri uliwekwa na mafuriko ya zamani. Alimaye pale hula faida ya mafuriko. Ajengaye nyumba pale amejenga katika njia ya mwenyewe. Maji hufuata mkondo. Mwezi wa Oktoba 2019 mvua kubwa katika Mkoa wa Tanga zilileta mafuriko yaliyoua watu na kuikata barabara ya Korogwe na Handeni.

Mvua hatuwezi kuizuia, na ikiwa kubwa mno hata msitu hauzuii mafuriko yote. Lakini msitu huyachelewesha maji: majani huyapokea, mizizi huyafungulia njia, na udongo huyanywa, ukayatoa polepole wakati wa kiangazi. Mteremko ulio wazi huyaachilia yote kwa mara moja, pamoja na udongo wa shamba. Udongo huo hupunguza kina cha mto, na mwingine huenda kutua katika bwawa la Mabayani, lililojengwa katika Sigi mwaka 1978, ambalo huwapa maji watu wa Tanga. Hivyo jembe la mtu wa mlimani laweza kuchafua mtungi wa mtu wa pwani.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili. Chukueni masanduku mawili, moja lenye udongo mtupu, la pili lenye udongo ulioota majani. Yainamisheni sawasawa, myamwagie maji kiasi kimoja, kisha mkinge yatokayo. Watoto wataona wenyewe ni maji gani yatokayo upesi, na yapi yenye tope.

Basi twawashauri wasomaji wetu mambo manne. Matuta yalimwe kukingama na mteremko, yasishuke nao. Miti na matete ya ukingoni yasikatwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ziwezazo kuharibu mto katika mita 60 kutoka ukingoni. Nyumba na shule zijengwe mahali pa juu. Na kabla ya kugawa viwanja, wakuu wa vijiji wawaulize wazee maji yalifika wapi katika mvua kuu za zamani. Alama hiyo ndiyo mpaka wa kweli wa mto. Na aijuaye aionyeshe kwa vijana mapema.