Mbegu za Mwezi wa Tisa

Lemera iko katika milima ya Uvira. Chini yake, upande wa mashariki, kuna bonde la mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu na kuingia ziwa Tanganyika. Huko mvua hukatika mwezi wa sita, hurudi mwezi wa tisa. Mkulima mwenye akili hangoji mvua ndipo ashike jembe.

Mama mmoja ana bustani mtelemkoni, karibu na kijito. Mwezi wa nane ulipofika, ardhi ilikuwa kavu. Kila asubuhi na jioni yeye na mwanawe walichota maji, wakanyunyizia lengalenga, kabichi na vitunguu. Mchana hawakunyunyizia, kwa maana jua kali hukausha maji kabla hayajafika mizizini. Tena walitandaza majani makavu juu ya udongo, unyevu usitoke upesi.

Siku moja maharagwe ya kula yalikwisha. Mtoto akaona chungu kidogo kilichofunikwa. Ndani mlikuwa na maharagwe yaliyochanganywa na majivu.

“Mama, tupike haya,” akasema.

“Hapana, mwanangu. Hizi ni mbegu. Nilichagua punje nzima, nikatia majivu ili wadudu wasizitoboe. Tukizila leo, mvua ikija tutapanda nini?”

Jioni ile walikula ugali na lengalenga tu. Mtoto alinyamaza, lakini hakufurahi.

Kesho yake wakaanza kulima sehemu iliyolala. Majani hawakuyachoma, waliyatia shimoni pamoja na mavi ya mbuzi, yaoze yawe mbolea. Mtoto akapiga matuta kutoka juu kwenda chini. Mama akamzuia:

“Ukilima hivyo, unayafanyia maji njia. Yatachukua udongo na mbegu mpaka Ruzizi. Matuta yakingame mlima.”

Wakayavunja, wakaanza upya.

Mwezi wa tisa mvua kubwa ikanyesha usiku. Kulipokucha mtoto akakimbia bustanini. Maji yalikuwa yametuama kati ya matuta, na udongo wote ulikuwapo. Akarudi nyumbani mbio, akashika kile chungu kwa mikono miwili, akampelekea mama yake.

Akiba haiozi.

Maulizo

1. Kwa nini hawakunyunyizia maji mchana?
2. Majivu yana kazi gani katika mbegu?
3. Matuta ya mlimani yapigwe namna gani? Kwa nini?
4. Nyumbani kwenu mbegu huwekwa wapi?