Mji wa Lamu na Maji Yake

Mkazi wa Kaloleni, Makongeni au Jericho, huko Nairobi, atakaye kuuona mji mzuri wa pwani hana haja ya kusafiri mpaka Ugiriki. Na apande basi hadi Mokowe, kisha avuke kwa mashua mpaka Lamu. Asitazamie teksi kumfikisha mlangoni: vichochoro ni vyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda au hamali. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji huo katika Urithi wa Dunia.

Wageni wengi husifu milango iliyochongwa, wakapiga picha, wakaenda zao. Lakini jambo kubwa zaidi liko Shela, upande wa kusini. Vile vilima vya mchanga mweupe hudhaniwa kuwa ni vya kuchezea watoto. Kumbe ndivyo birika la mji. Mvua inyeshapo, maji hupenya mchangani yakashuka. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake chini ya ardhi. Visima vikitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Vilima vikijengwa nyumba na kuchimbwa vyoo, uchafu hushukia maji yayo hayo yanywewayo mjini.

Mtu wa Makongeni, ambaye bomba likikauka hupanga foleni na mtungi wake, atalifahamu neno hili upesi kuliko mtalii wa ng'ambo. Awapo Lamu, ndoo moja na kata vyamtosha kuoga.