Kumkumbuka Marehemu kwa Miguu Yetu

Somo letu mara hii lahusu jambo ambalo kila nyumba imelipata au italipata, yaani kufiwa. Tumezoea kumheshimu marehemu wetu kwa njia nyingi njema. Twalijengea kaburi lake, twaitundika picha yake ukutani, twampa mjukuu jina lake. Leo tuitazame njia nyingine isiyo na gharama: kuzichukua desturi zake njema za kuutunza mwili, na kuzifanya zetu.

1. Urithi usioleta ugomvi

Tuwafikirie wale tuliowazika. Yuko babu aliyekwenda shambani kwa miguu hata siku alizokuwa na nauli mfukoni. Yuko mama aliyekataa kuketi kutwa, akafagia uwanja wake mwenyewe mpaka uzeeni. Yuko kaka aliyekwenda kazini kwa baiskeli miaka yote. Baada ya matanga jamaa hukutana kugawana mali, na baiskeli hiyo yaweza kuleta maneno, maana ni moja tu. Lakini desturi ya kuiendesha yaweza kurithiwa na watoto kumi, na kila mmoja akaipata nzima.

2. Mfano kutoka Kanada

Terry Fox alikuwa kijana wa Kanada. Mwaka 1977 alikatwa mguu wa kulia, juu ya goti, kwa sababu ya kansa ya mfupa. Mwezi wa Aprili 1980 alianza kukimbia kwa mguu wa bandia kukata nchi yake, ili kukusanya fedha za utafiti wa kansa. Alikimbia siku 143, jumla ya kilometa 5,373, mpaka kansa ilipoingia mapafuni ikamzuia. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, akiwa na umri wa miaka 22.

Walio wake walimkumbukaje? Septemba mwaka ule ule, watu zaidi ya 300,000 walitoka barabarani kwa jina lake, na desturi hiyo imeendelea kila mwaka. Mama yake, Betty Fox, aliitumikia kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 2011. Nasi tuangalie jambo moja: mbio hizo hazina mashindano wala mshindi. Anayeweza kukimbia hukimbia, mwingine hutembea, mwingine huendesha baiskeli. Hakuna aliyedaiwa kufikia kilometa za Terry. Walichukua mwendo wake, kila mtu kwa kipimo chake.

3. “Mbona yeye naye alikufa?”

Hapa wengine watauliza: “Baba alitembea kila siku, na bado tumemzika. Basi kuna faida gani?” Tusimkemee mwenye swali hili, maana ni uchungu unaosema.

Mazoezi hayakuwa kamwe mapatano ya kutokufa. Kazi yake ni kuutia moyo nguvu na kusaidia kupunguza shinikizo la damu na sukari mwilini. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokuwa wameketi. Kumbe tusipime faida ya mwendo wa baba kwa siku ile aliyofariki. Tuipime kwa miaka aliyokwenda sokoni mwenyewe, akawatembelea wagonjwa, akarudi nyumbani bila kushikwa mkono. Alikwisha kulipwa angali hai.

4. Tuanzeje?

Kwanza, tuchague desturi moja tu. Kama marehemu alitembea saa nzima, sisi tuanze na dakika kumi, tukiongeza kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayesikia maumivu ya kifua, amwone mganga kwanza.

Pili, tusiende peke yetu. Matanga yakiisha, wageni huondoka, na mjane hubaki na ukimya wa nyumba. Kumgongea mlango jioni na kumwambia, “Mama, twende tukanyoshe miguu,” ni faraja kuliko maneno mengi. Lakini miezi ikipita naye bado hali wala halali, tumpeleke apate msaada wa mganga.

Tatu, tukikosa siku moja tusijihukumu kwamba tumemvunjia marehemu heshima. Yeye naye alikuwa na siku za mvua na siku za kuchoka. Kesho yake alitoka tena, na hiyo ndiyo desturi yenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni desturi gani ya mwili tunayoikumbuka kwa marehemu wetu? Nani nyumbani anaiendeleza?
2. Tutamjibuje kwa upole asemaye kwamba mazoezi hayakumsaidia marehemu?
3. Ni mfiwa gani jirani yetu ambaye hajatoka nyumbani juma hili? Nani atamgongea mlango, na siku gani?