Mume Amepasuliwa Tumbo: Unyumba Urudi Lini?



Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi hulibeba kimya. Tuchukue mfano wa familia ambayo ingeweza kuwa yako. Baba analima mahindi karibu na Kitale. Mama anauza nguo sokoni Bungoma na hurudi nyumbani kila jioni. Usiku mmoja tumbo la baba linavimba kama ngoma, choo hakitoki, hata hewa haipiti. Anapasuliwa, anapona, anarudi nyumbani. Miezi minne baadaye bado analala kitanda cha watoto. Mama anajiuliza: "Je, amepata mwingine?" Naye baba anajiuliza: "Nitamwonyeshaje tumbo hili?" Hakuna anayeuliza kwa sauti. Ndoa inaanza kupoa si kwa dhambi, bali kwa kimya.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana una sehemu ya chini iliyopinda. Kwa watu wengine sehemu hiyo huwa ndefu kupita kiasi, na huweza kujisokota kama kamba. Katika Afrika Mashariki hii ni sababu mojawapo ya kawaida ya utumbo kuziba kwa watu wazima, na huwapata wanaume zaidi. Damu ikikatika, utumbo huoza. Kwa hiyo tumbo likivimba, likauma, na choo na hewa visitoke, msingoje asubuhi wala msinywe dawa ya kuharisha. Nendeni hospitali mara moja.

Daktari akiwahi kabla utumbo haujaoza, huweza kuusokotoa kwa kupitisha mpira njia ya haja kubwa. Baba hujisikia mzima na kutaka kurudi shambani. Hapo wengi hukosea, kwa sababu ugonjwa huo hurudi mara nyingi. Ndiyo maana madaktari hushauri upasuaji wa kupanga, waondoe kipande hicho.

Kujitayarisha pamoja

Nendeni kwa daktari wote wawili. Mwulizeni: Mtakata wapi? Je, atatoka na mfuko wa choo tumboni, na kama ndiyo, kwa muda gani? Je, upasuaji huu unaweza kugusa nguvu za ndoa? Usione haya; daktari ameulizwa hayo mara nyingi.

Mwambieni dawa zote anazotumia baba, na zile za mitishamba pia. Kama anavuta sigara, aache mapema, yafaa majuma manne au zaidi kabla. Siku ya upasuaji fuateni amri ya kutokula bila kuona huruma. Uji wa siri unaweza kurudi kooni akiwa katika nusukaputi na kuingia mapafuni.

Hakikisheni pia michango ya bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, imelipwa. Kubalianeni nani atakamua ng'ombe na nani atalala na watoto. Jumuiya yenu ndogondogo ijulishwe. Msibebe mzigo peke yenu.

Tena mwiteni Padre. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho tu. Kanisa linafundisha kwamba inafaa kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa. Baba aungame, apakwe mafuta, apokee Ekaristi, aingie chumba cha upasuaji akiwa na amani.

Kurudi nyumbani

Ngozi hufunga upesi, lakini nyama za ndani huchelewa. Kwa majuma sita hivi, au zaidi daktari akisema, baba asibebe gunia, asishike jembe. Kwa unyumba pia, mngoje ruhusa ya daktari. Kungoja huku si kunyimana. Mtakatifu Paulo, katika sura ya 7 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anawataka wanandoa wasinyimane ila kwa mapatano. Neno kubwa hapo ni mapatano. Semeni wazi: "Mama watoto, sijakuchoka. Ninaumwa."

Wala msingoje kupendana. Kushikana mikono, kukumbatiana na kusali pamoja kitandani vinaweza kuanza siku ile ile ya kurudi.

Kama kuna mfuko, mke ajifunze kwa muuguzi namna ya kuubadilisha. Mara nyingi mfuko ni wa muda. Utumbo huweza kuunganishwa tena baada ya miezi kadhaa. Mama, uso wako siku ya kwanza utakapoona tundu lile utakumbukwa miaka mingi. Jitayarishe.

Siku ikifika, mfuko umwagwe na kufungwa vizuri, baba aoge, tumbo lifunikwe kwa fulana kama anaona haya. Laleni kiubavu ili jeraha lisilemewe. Tundu la tumboni lisiguswe kwa tendo lolote. Maumivu makali, damu, usaha, homa au uvimbe kwenye kovu vikitokea, acheni na mrudi hospitali.

Nguvu zisiporudi

Baadhi ya upasuaji, hasa ule wa saratani sehemu ya chini karibu na njia ya haja kubwa, hugusa mishipa ya fahamu. Mume anaweza kupungukiwa nguvu, mke anaweza kuwa mkavu na kuumia. Mara nyingine hali hutengemaa polepole. Mara nyingine kuna tiba. Mwambieni daktari, si mwuza dawa wa stendi.

Kama mke ndiye aliyepasuliwa na daktari anashauri mimba ingoje, ombeni kufundishwa mpango wa asili, mkijua kwamba homa na dawa huweza kuchanganya dalili.

Na ndugu wakimwambia mama, "Huyu si mume tena," wajibuni kwa upole: udhaifu unaokuja baada ya harusi hauvunji ndoa. Kiapo kilitaja afya na ugonjwa pamoja.

Kwa majadiliano

1. Je, kuna jambo la mwili wangu ambalo sijamwambia mwenzangu kwa haya?
2. Mmoja wetu akilazwa kesho, nani angefanya nini hapa nyumbani?
3. Tunaonyeshanaje upendo siku ambazo tendo la ndoa haliwezekani?

Leo usiku zimeni redio, mpangeni watoto walale, mjibizane maswali haya. Kisha salini: "Bwana, ulituunganisha tukiwa wazima. Utulinde hata tukiwa na makovu. Amina."