Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Somo la Kiti

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea, hebu kitazame hicho kiti ulichokalia. Je, wajua ni nini kinachokishikilia? Wengi wetu hatujui. Tukienda kununua makochi hutazama kitambaa, vanishi na bei, basi. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku kiti kiliponitia aibu.

Mjomba wangu ni seremala kando ya barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba. Likizo ya Disemba niliunda kiti changu cha kwanza ili nipate pesa za chakula cha mchana shuleni. Nilitwaa mbao mbichi, nikapiga misumari, nikapaka vanishi kikang'aa kama kioo. Mama mmoja mchuuzi wa Malaba akakinunua. Nami nikajiona fundi kweli kweli! Mwisho wa Januari akarudi nacho, miguu inacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita.

"Wewe kijana, hii kiti ulinitengenezea ni ya kukalia ama ni ya kuangalia?"

Mjomba akamrudishia pesa zake zote. Muhula huo wenzangu walipokula mchana, mimi nilisoma gazeti. Jioni moja mjomba aliniita, akanifundisha mambo matatu ambayo nami nawapasha.

Kwanza, ubao uwe mkavu. Ubao mbichi una maji ndani yake. Ukikauka husinyaa, tena husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu. Ubao wangu ulikuwa umelowa mvua za Novemba. Jua la Januari likaukausha na misumari ikalegea. Fundi mwenye subira hupanga mbao kivulini na kuweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Kanuni ya maseremala ni takriban mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Mvule na mkangazi, zinazovuka mpaka kutoka Uganda na Kongo, ni mbao za bei, lakini hata mvule ukiwa mbichi utakuaibisha.

Pili, kiungo. Mara nyingi kiti hakivunjiki katikati ya mguu, hulegea pale mbao zinapokutana. Mtu akiegemea nyuma, uzito wake huvuta viungo hivyo. Msumari hushika mahali padogo tu. Kwa hivyo fundi huchonga ncha ya ubao mmoja iwe ulimi, akatoboa tundu katika ubao wa pili kwa patasi, kisha ulimi ukaingia kwa kubanana na kutiwa gundi. Unene wa ulimi huwa kama thuluthi moja ya ubao. Ukizidi, kuta za tundu huwa nyembamba na kupasuka. Ukipungua, ulimi wenyewe hukatika.

Tatu, mwili wa mkaaji. Kiti cha mezani huwa na kimo cha sentimita 45 hivi ili nyayo ziguse chini, na mgongo wake hulala nyuma kidogo. Kiti kinachomchosha mtu hakina fahari, hata kikipakwa dhahabu.

Usidhani haya ni mambo ya mafundi wa kando ya barabara tu. Viti vya kifahari kabisa hufuata sheria hizo hizo. Hapa Kenya, katika pwani ya Lamu, Pate na Siyu, mafundi wa karne ya 19 waliunda kiti cha enzi. Kilikuwa na mgongo mrefu na mahali pa kuwekea miguu. Mbao zake nyeusi zilitiwa nakshi za pembe za ndovu au mfupa, na kikalio na mgongo vilifumwa kwa kamba. Alikikalia mkubwa au mgeni wa heshima. Huko Denmark nako, mwaka 1949, Hans Wegner alibuni kiti ambacho hadi leo kikalio chake hufumwa kwa mkono kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi iliyosokotwa. Matajiri wa dunia hukinunua kwa pesa nyingi. Wanachonunua ni nini? Ni mkono wa fundi na muda wake, yale yale ambayo sisi hapa mpakani huyaombea punguzo.

Likizo ya Aprili niliunda kiti cha pili, kwa mbao zilizokaa darini kwa mjomba tangu mwaka juzi. Kilinichukua siku tisa. Nilimpelekea yule mama huko Malaba. Hakunisalimia kwanza! Alikishika kwa mikono miwili akakitikisa, akakipindua, akatazama chini yake. Kisha akakiweka, akakikalia, akasema, "Sasa tuongee bei."

Basi nawe msomaji, ukienda kununua kiti fanya kama mama huyo: kitikise, kipindue, tazama viungo. Vanishi uitazame mwisho. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa.

Maswali ya kujadili chamani:
1. Kwa nini kiti cha kwanza kililegea Januari na si Disemba?
2. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Jadili methali hii ukirejelea kazi ya seremala.