Je, Soya Humgeuza Mvulana?

Huku kwetu Embu, na hata kule Meru, uji wa soya una maneno mengi. Kuna wavulana wanaoukataa katakata eti utawaotesha matiti. Neno hili lina asili yake, nayo ni kondoo.

Miaka ya 1940, huko Australia Magharibi, kondoo walilishwa aina fulani ya majani iitwayo klova. Majike wakaacha kushika mimba, na madume waliohasiwa, amini usiamini, wakatoa maziwa! Bennetts, Underwood na Shier waliandika habari hiyo mwaka wa 1946. Baadaye ikajulikana kwamba klova ile ina kemikali inayoiga estrojeni, yaani homoni ya kike. Soya pia inazo za aina hiyo.

Hapa sasa tuwe makini. Kemikali ya klova, formononetini, yenyewe haina nguvu sana. Ni bakteria wa tumboni mwa kondoo wanaoigeuza kuwa daidzeini, kisha ekuoli, na hiyo ekuoli ndiyo mkorofi. Ng'ombe pia huitengeneza, lakini hadhuriki kama kondoo.

Panya wa maabara wakilishwa soya, karibu wote hutengeneza ekuoli. Na binadamu je? Katika nchi za Magharibi ni kama mtu mmoja kati ya watatu au wanne. Japani ni kama nusu. Kwa hivyo ukisikia panya kapatwa na jambo fulani, usikimbie kumwambia mjomba ang'oe soya shambani. Wanaume wenyewe wamepimwa. Majaribio mengi yalijumlishwa mwaka wa 2010, na tena 2021, na testosteroni yao haikuonekana kupungua kwa kula soya.

Lakini mimea hii si ya kupuuzwa. Kwa jirani zetu Uganda, katika msitu wa Kibale, Michael Wasserman na wenzake waliwafuata mbega wekundu kwa miezi 11 wakiokota kinyesi chao (kazi ya elimu hiyo!) ili kupima homoni. Matokeo yalitoka 2012. Madume walipokula zaidi majani ya mti wa Millettia dura, estradioli na kortisoli zilipanda. Ugomvi na kujamiiana vikazidi, kusafishana manyoya kukapungua. Mbega ni jamaa yetu wa karibu kuliko kondoo, ila tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huchachusha majani, kama la kondoo.