Ndiva na Diski

Huko Usangi, katika Milima ya Upare, kijito chembamba hujaza ndiva, yaani bwawa dogo la umwagiliaji, usiku kucha. Asubuhi maji hufunguliwa kwa wingi yafike mashambani. Kompyuta yenye kanzidata hukusanya mabadiliko vivyo hivyo katika kumbukumbu ya muda, kisha huyamwaga diskini kwa mkupuo. Umeme ukikatika, ndiva hiyo hukauka papo hapo! Kwa hiyo kila badiliko huandikwa kwanza katika daftari la miamala. Daftari hilo lafaa kuwa na diski yake peke yake: kichwa cha kuandikia hakirukiruki, na diski ya data ikiharibika, nakala ya jana pamoja na daftari hurejesha hata alama za mtihani zilizoingizwa leo. Diski za kisasa zisizo na kichwa zimedhoofisha sababu ya kwanza; ya pili ingali imara.